Beringi na Sili za Magurudumu ya Nyuma: Mwenye Gari Kuukuu Ajue Nini Kabla ya Kulipa

Mazungumzo na wakazi wa Sola, mkoani Simiyu



Tumekuja kuzungumza juu ya vitu viwili vidogo vinavyokaa mahali pasipoonekana, yaani beringi na sili za magurudumu ya nyuma ya gari. Huenda mtu akajiuliza kwa nini watumishi wa umma wanaoshughulikia elimu kwa mlaji wasafiri mpaka hapa kuzungumzia habari za gereji. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Gari kuukuu hapa kwetu si pambo. Ndilo linalompeleka mjamzito hospitali usiku, ndilo linalobeba wafanyabiashara kwenda mnadani, na msimu wa pamba ukifika ndilo linalofanya safari tatu mahali pa moja. Gari hilo likiwa na Hiace yenye watu kumi na mizigo nyuma, uzito mkubwa hulalia magurudumu ya nyuma. Uzito wote huo unasimama juu ya beringi mbili, na beringi hizo zinalindwa na sili mbili za mpira.

Jambo kuu tunalotaka mliondoke nalo leo ni hili: katika matengenezo haya, mlaji hulipia kitu ambacho hatakiona tena. Dramu ikirudishwa na nati zikikazwa, hakuna ajuaye kwa kutazama kama sili ni mpya au ni ileile ya zamani iliyofutwa kwa kitambaa. Kwa hiyo ulinzi wa mlaji hauanzi siku ya malalamiko. Huanza gurudumu likiwa bado wazi.

Kazi ya beringi na kazi ya sili

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi au rola zinazoviringika ili gurudumu lizunguke bila kusuguana na ekseli. Nyuso zake zimesuguliwa kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba chembe moja ya mchanga ikiingia huacha kovu. Kovu hilo hukwaruza gololi, gololi nazo hutafuna pete, na chuma kinachotoka hapo huendelea kusaga kilichobaki. Ndiyo maana beringi iliyoanza kuharibika haiponi, wala grisi mpya haiwezi kuirudishia uzima wake.

Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaogusa chuma kinachozunguka. Kazi yake ni mbili: kuzuia oili au grisi isitoke, na kuzuia maji na vumbi visiingie. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na beringi, na kwa sababu hiyo wengi huidharau. Lakini beringi nyingi hazifi kwa uzee wake. Huuawa na sili iliyochoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sili ndiyo ufa wenyewe. Anayenunua beringi mpya na kuacha sili ya zamani amejenga ukuta na kuuacha ufa.

Magari hayafanani

Kabla ya kukubali bei yoyote, jua gari lako ni la aina gani, maana kazi hutofautiana.

Aina ya kwanza ni magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace nyingi zinazopita hapa. Ndani ya nyumba ya ekseli mna oili ya difu. Beringi imeshindiliwa kwenye shafti, na nyuma yake kuna pete ya chuma inayoizuia isitoke. Sili huzuia oili ya difu isifike kwenye breki. Katika aina hii, beringi na pete yake ndizo zinazoishika shafti isichomoke. Zikivunjika au zikilegea, gurudumu linaweza kutoka pamoja na shafti yake gari likiwa mwendoni.

Aina ya pili ni magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama nyingi za IST na Probox. Nyuma hayana difu. Katika mengi ya magari hayo, beringi na habu ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani pamoja na sili zake. Hufunguliwa kwa bolti na kubadilishwa kizima. Hapa fundi hana sababu ya kukutoza fedha za kufungua beringi na kuijaza grisi. Kama gari lina breki za ABS, uliza kama kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu ni sehemu ya habu hiyo, maana habu isiyo na sehemu yake itaacha taa ya tahadhari ikiwaka kwenye dashibodi.

Aina ya tatu ni magari ya kazi nzito, kama baadhi ya Land Cruiser na malori madogo, yenye beringi mbili za rola zenye umbo la pia katika kila habu. Hizi hupakwa grisi na kukazwa kwa nati kwa kipimo. Zikikazwa kupita kiasi huungua; zikiachwa legelege gurudumu huyumba. Hapo kazi ya fundi ni kupima, wala si kukaza tu kwa nguvu za mkono.

Dalili za kuzitambua mapema

Dalili ya kwanza ni mvumo. Sauti ya beringi huanza kama mngurumo wa chini unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, nao haubadiliki ukibadilisha gia au ukiachia mafuta. Wengi huidhani ni sauti ya tairi. Njia ya kuzitofautisha ni kusikiliza gari linapotoka kwenye vumbi kuingia lami, kwa mfano mnapoifikia barabara kuu ya Maswa na Bariadi. Sauti ya tairi hubadilika pamoja na sura ya barabara, ilhali sauti ya beringi hubaki ileile. Tena, katika kona ya kushoto uzito huhamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku gurudumu la kulia. Katika kona ya kulia, shuku la kushoto.

Dalili ya pili ni kulegalega. Gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi imara, shika tairi juu na chini kisha ulitikise. Likicheza, au likizungushwa kwa mkono likatoa mkwaruzo, kuna kasoro. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa kabari au mawe makubwa.

Dalili ya tatu ni unyevu upande wa ndani wa tairi au kwenye dramu. Hapa mlaji awe makini, kwa sababu vimiminika viwili tofauti huweza kuvuja mahali pamoja. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali inayofanana na ya kiberiti. Hiyo huashiria sili ya ekseli. Oili ya breki ni nyepesi, na chombo chake kilicho chini ya boneti hupungua; hiyo huashiria silinda ndogo ya breki. Mtu akibadilishiwa sili wakati kinachovuja ni silinda, atakuwa amelipa bure na breki zake zitabaki mbovu.

Dalili ya nne ni joto. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake, huenda beringi inaungua au breki inashika. Yote mawili hudai gari lisimame na likaguliwe.

Mvumo si jambo la kuzoea. Dereva anayepandisha sauti ya redio ili asiusikie hajaupunguza mwendo wa uharibifu, ameufunika tu. Sheria ya Usalama Barabarani inakataza kuendesha barabarani gari lenye ubovu unaohatarisha watu. Kulikagua gurudumu basi ni wajibu kwa abiria na kwa waendao kwa miguu, mbali ya kuwa ni hekima kwa mwenye gari.

Kwa nini sili hazidumu huku kwetu

Udongo mweusi wa mbuga zetu hunata kama gundi wakati wa masika, na kiangazi hugeuka vumbi jembamba linalopenya kila mahali. Tope likikauka kwenye mdomo wa sili huukwangua kama msasa. Kisha kuna mito yetu ya msimu. Gari lililokwenda mwendo mrefu huwa na habu za moto. Likiingia ghafla katika maji ya kijito, hewa iliyomo ndani ya habu hupoa na kusinyaa, na kusinyaa huko huvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Maji yakichanganyika na grisi, kutu huanza siku hiyohiyo. Kwa hiyo, inapowezekana, simamisha gari kwa muda kabla ya kuvuka ili habu zipoe, na baada ya kuvuka kina kirefu mwombe fundi akague.

Kuna sababu nyingine ambayo walaji wachache huijua. Nyumba ya ekseli yenye difu ina kipumulio kidogo juu yake. Oili ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa hukosa njia, nayo huisukuma oili ipite kwenye sili. Mwenye gari hubadilisha sili mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akimlaumu muuza spea, kumbe kasoro ni tundu lililoziba. Swali moja tu kwa fundi, “Umekisafisha kipumulio cha difu?”, laweza kukuokolea gharama ya miezi.

Kununua spea bila kudanganywa

Wengi wa Sola hawanunui spea dukani ana kwa ana. Hupiga simu mjini, au hata Dar es Salaam, hutuma fedha kwa simu, na mzigo hufika kwa basi. Biashara hiyo ni halali na ina manufaa, lakini humweka mnunuzi mbali na bidhaa. Dawa yake ni kuagiza kwa namba badala ya kuagiza kwa jina la gari tu.

Beringi nyingi huchorwa namba kwenye pete yake. Katika beringi za kawaida za gololi, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa upana wa tundu kwa milimita. Hivyo 6205 ina tundu la milimita 25, na 6206 ina tundu la milimita 30. Herufi zinazofuata namba huonyesha mambo mengine, kama vile kuwapo kwa vifuniko pembeni. Sili nazo huwa na vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, na unene. Piga picha ya namba hizo, piga picha ya namba ya chasisi, zitume kwa muuzaji kabla ya fedha, na umtake akutumie picha ya bidhaa atakayoifunga, si picha ya boksi pekee. Ujumbe huo wa simu utakuwa ushahidi wako ukiletewa kitu kingine.

Majina kama SKF ya Sweden, NSK, NTN na Koyo za Japani, na Timken ya Marekani yamejijengea heshima ya miaka mingi. Na jina lenye heshima ndilo linaloigwa na wadanganyifu. Boksi zuri si uthibitisho, kwa kuwa boksi huchapishwa kwa urahisi kuliko beringi. Tazama pete yenyewe: je, alama imechorwa katika chuma, au ni wino unaofutika kwa kidole? Je, namba ya kwenye pete inalingana na ya kwenye boksi? Je, kuna kutu, mikwaruzo, au grisi iliyokwisha kuguswa? Je, bei iko chini mno kuliko ya maduka mengine yote? Baadhi ya watengenezaji, SKF wakiwamo, wana programu ya simu ya kusaidia kuhakiki bidhaa zao; mwenye simu yenye intaneti aitumie au amwombe kijana amsaidie.

Hatusemi kwamba kila spea ya bei nafuu ni bandia. Bidhaa ya nafuu yenye jina lake halisi ni chaguo halali la mnunuzi. Kosa ni kuuziwa bidhaa ya nafuu chini ya jina la ghali. Kuhusu beringi za mtumba, ushauri wetu ni kuziepuka. Mlango wa mtumba au taa ya mtumba huonekana ubora wake kwa macho. Umri uliobaki ndani ya beringi iliyokwisha kutumika hauonekani.

Siku ya kazi

Tunawaheshimu mafundi wa Sola, wanaotengeneza magari kwa zana chache na ujuzi mwingi. Maswali tutakayoyataja si dharau kwao. Fundi mwaminifu huyafurahia, kwa sababu humtofautisha na mbabaishaji.

La kwanza, makubaliano yaandikwe kabla ya kazi: kitakachobadilishwa, upande upi, bei ya spea, bei ya ufundi, na siku ya kukamilika. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili inatosha. Mali bila daftari huisha bila habari.

La pili, uliza beringi itatolewa na kuingizwa kwa kutumia nini. Beringi iliyoshindiliwa hutakiwa kuingizwa kwa mashine ya kubana, ile ambayo mafundi huiita presi, huku nguvu ikielekezwa kwenye pete inayokaza. Ikiingia kwenye shafti, inasukumwa kwa pete ya ndani. Ikiingia kwenye nyumba yake, inasukumwa kwa pete ya nje. Nyundo ikipiga pete isiyohusika, pigo hupitia kwenye gololi na kuacha vijishimo. Beringi hiyo itaanza kuvuma mapema, na lawama ataibeba muuzaji asiye na hatia. Kama presi haipo kijijini, shafti ifunguliwe hapa na kupelekwa kwenye karakana ya mjini yenye mashine. Nauli ya shafti ni ndogo kuliko bei ya beringi ya pili.

La tatu, katika ekseli ya aina ya Hiace, pete inayoizuia beringi iwe mpya. Pete ya zamani hukatwa ili itoke. Iliyokatwa au kutanuliwa hairudi kazini. Hakikisha imo katika orodha ya spea kabla gari halijafunguliwa.

La nne, sili iwe mpya kila mara shafti inapotolewa, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Iingizwe sawasawa pande zote, na mdomo wake upakwe grisi au oili kidogo ili usianze kazi ukiwa mkavu. Mwambie fundi akuonyeshe mahali sili inapogusa shafti. Pakiwa na mfereji unaoshikika kwa ukucha, sili mpya nayo itavuja mpaka mfereji huo ushughulikiwe.

La tano, na hili lina uzito wa pekee, viatu vya breki vilivyolowa oili vitupwe. Kuna desturi ya kuviosha kwa petroli au kuvichoma moto kisha kuvirudisha. Petroli hukausha juu tu; oili iliyokwisha kunyonywa ndani hurudi juu breki zikipata moto, na gari huvuta upande mmoja wakati dereva anapokanyaga kwa dharura. Tena petroli karibu na moto wa gereji ni hatari kwa fundi mwenyewe. Viatu vya breki hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja ili breki zilingane. Beringi si hivyo: iliyo nzima upande wa pili haina sababu ya kutolewa, ingawa ni vyema ikaguliwe. Ukiambiwa zote mbili zimekufa, omba uonyeshwe.

La sita, oili ya difu iliyovuja irudishwe kwenye kimo chake, kwa oili ya aina inayotajwa katika kitabu cha gari. Kufunga sili mpya na kuiacha difu na kiu ni kuhamisha uharibifu kutoka kwenye gurudumu kuupeleka kwenye gia.

La saba, dai spea zako za zamani. Ni mali yako. Zitakuonyesha kama kweli zimebadilishwa, nawe utaona namna zilivyoharibika.

Kabla ya kulipa na baada ya kuondoka

Gari likikamilika, lijaribu pamoja na fundi kabla ya kutoa malipo ya mwisho. Sikiliza kama mvumo umekwisha. Vuta handibreki kwenye mteremko na uone kama inashika. Rudi, sogeza kiganja karibu na magurudumu yote mawili ya nyuma, ulinganishe joto lake. Liegeshe gari usiku mahali pakavu, na asubuhi utazame chini upande wa ndani wa tairi. Nati za tairi zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa gurudumu lililofunguliwa huweza kulegea kidogo baada ya kukaa.

Chukua risiti ya duka na risiti ya fundi. Wito wa Mamlaka ya Mapato Tanzania mnaufahamu: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Wengi huudhani ni wito wa kodi tu. Kwa mlaji, risiti ndiyo kumbukumbu ya nani alikuuzia, lini na kwa bei gani. Iwe na jina la bidhaa na namba yake. Risiti iliyoandikwa “spea” peke yake husaidia kidogo. Itunze pamoja na boksi mpaka uridhike na kazi.

Haki zenu kisheria

Mlaji si mwombaji mbele ya muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa hiyo yapasa kufaa kwa matumizi hayo. Ndiyo maana tunasisitiza mtaje gari, mwaka wake na namba ya chasisi wakati wa kuagiza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji juu ya ubora, asili au hali ya bidhaa na huduma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ndiyo inayotumika dhidi ya bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuzishughulikia. Masuala ya viwango vya ubora husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009.

Kasoro ikitokea, fuateni utaratibu huu. Acheni kuliendesha gari, kwa usalama wenu na ili uharibifu usizidi. Pigeni picha ya gurudumu kabla halijaguswa na fundi mwingine. Rudini kwa muuzaji au fundi mara moja, mkiwa na bidhaa, boksi, risiti na karatasi ya makubaliano, mkaeleze kwa utulivu mnachotaka: kubadilishiwa, kurejeshewa fedha, au kazi kurudiwa. Mashauri mengi humalizika hapo, pale mlalamikaji anapokuwa na kumbukumbu mkononi. Isipowezekana, mwoneni afisa biashara wa halmashauri yenu awaelekeze. Mkishuku kwamba beringi ni bandia, pelekeni taarifa Tume ya Ushindani. Mkishuku ubora wake, TBS. Msiitupe wala msimrudishie muuzaji bila maandishi, kwa maana hiyo ndiyo ushahidi wenu.

Neno la kumalizia tunalielekeza kwa pande mbili. Kwenu wenye magari: msimshinikize fundi afanye kazi ya nusu kwa sababu mzigo unasubiri. Mteja anayesema “funga hivyohivyo, tutaangalia baadaye” hujinyima mwenyewe haki ya kulalamika, na abiria wake hawakuulizwa. Kwenu mafundi: mwonyesheni mteja gurudumu likiwa wazi, sili mpya ikiwa mahali pake na ya zamani ikiwa mkononi mwake. Dakika hizo tano zitawaletea wateja kuliko tangazo lolote.

Sasa tunayakaribisha maswali yenu. Mwenye spea ya zamani nyumbani na ailete mbele, tuisome namba yake pamoja.